Hatua Kumi na Moja Kutoka Kwenye Pazia

Tarehe 9 Januari

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwanza, maana najua utasema mjomba anaandika akiwa na shida tu. Huku tuko wazima. Goti la mama yako limetulia tangu aache kubishana na ngazi. Sasa anabishana na mimi. Ile cherehani yako ya kujifunzia nimeitia mafuta, inangoja wasomi wakumbuke kwao.

Sasa neno lenyewe. Wanataka kunitoa kwenye meza ya kukatia.

Unaijua ile meza. Umelala chini yake ukiwa na miaka minne, umejifunika vipande vya kitambaa. Nimesimama pale miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu unaijua pia. Nampima mteja nyuma ya pazia, namba saba: mabega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, shingo, urefu. Natembea hatua kumi na moja hadi mezani, nazichora kwa chaki juu ya kitambaa. Katikati ya safari hiyo siandiki popote. Ndivyo alivyonifundisha fundi wangu, kwamba fundi anayebeba karatasi mwisho atakata karatasi. Zamani karakana nzima ilikwenda hivyo, leo nimebaki mimi.

Tangu Agosti nimeharibu nguo tano. Nakwambia idadi mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine. Mlinzi mmoja nilimkatia kiuno cha inchi arobaini na moja, naye ana thelathini na nne. Dereva mmoja nilimkatia mkono wa inchi ishirini na tisa, angefunga kamba za viatu bila kuinama.

Bosi Binti, yule mtoto wa marehemu mwenye karakana, ndiye anayeshika funguo sasa. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kujibu. Ijumaa alinikalisha kwenye stuli pale kaunta, akatoa karatasi, akaanza kunisomea tarakimu nizirudie. Tano nilirudia, sita zikanishinda. Kisha akataka nizirudie kinyumenyume. Nikapata tatu. Mpwa wangu, tangu nianze kazi sijamkatia mtu suruali kinyumenyume! Akasema, kwa upole ule unaochoma, kwamba mwisho wa Juni nihamie kwenye vifungo, kule dirishani karibu na choo, nikapumzike, akanipa na barua yenye maneno hayo hayo.

Sihami. Hilo nimeshamwambia. Lakini wewe ndiye unayesomea vichwa vya watu. Nieleze hiyo karatasi inapima nini, na imetoka wapi. Imeandikwa kwa mkono, ina saba zilizokatwa kimstari katikati, nadhifu sana.

Mama yako anauliza kama unakula.

Mjomba wako


Tarehe 27 Januari

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Mwambie mama nakula, ingawa mwenzangu wa chumba anapika kama anamkomoa mtu. Kazi yangu ni ile ile: nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, nawavalisha wanafunzi vidude vya masikioni, nawasomea namba kutwa nzima, wanazirudia, naandika walizokosa. Jioni nikienda dukani nawarudishia wauzaji bei zao kwa sauti bila kujua.

Umeuliza karatasi inapima nini. Kichwani kuna mahali padogo pa kushikilia jambo wakati unalifanyia kazi. Sisi tunapaita kumbukumbu ya kufanyia kazi. Siyo ghala. Ghala ni pengine, ndiko liliko jina la fundi wako na njia ya kurudi nyumbani. Hapa ni kama meza yako ya kukatia: ina upana wake, na kilicho juu yake ni kile unachokikata sasa hivi. Ukirundika zaidi, kimojawapo kinaanguka.

Namba uliyoisikia hukaa pale sekunde chache tu, halafu inafifia, isipokuwa ukiirudia kimoyomoyo. Kwa hiyo kuna sauti ya ndani inayorudia. Kuna na jicho la ndani, linalokumbuka kitambaa kimekunjwaje na bega gani limeshuka. Juu ya hao wawili yuko msimamizi anayegawa umakini, na msimamizi huyo ni mmoja tu kwa wote. Kurudia namba kama zilivyo kunaipima ile sauti. Kuzirudia kinyumenyume kunampima msimamizi, ndiyo maana kunachosha.

Watu wengi wanashika kati ya tano na tisa. Wakizuiwa kuzirudia na kuzifunga mafungu, wanabaki na nne hivi. Tano si ugonjwa, mjomba. Ila umri nao hupunguza.

Kwa nini usiandike tu? Daftari dogo la mfukoni, basi. Na hata ukienda kwenye vifungo, vifungo si aibu. Umefanya kazi ya kutosha.

Karatasi kama hizo ziko nyingi, zinapatikana popote.

Mpwa wako


Tarehe 20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mama yako alinikataza kuandika nikiwa nayo. Leo ameenda kupimwa macho, kwa hiyo naandika.

Naandikia hapa hapa karakana, mezani kwangu, mchana. Nje ya pazia watu wamejaa, mbele yangu kuna majora mawili ya bluu ya wauguzi na mkasi wangu ule wenye mpini uliofungwa kitambaa. Vitu vyote viko mahali pake, nami niko mahali pangu.

Vifungo si aibu, unasema. Je, umewahi kuulizwa na mtu uliyemshonea tangu suti ya shule hadi ya harusi, "Fundi mkuu yuko wapi?" na fundi mkuu ni wewe, uko pale karibu na choo, uzi mdomoni? Basi usiniambie kuhusu aibu.

Hayo ya sauti ya ndani nilifundishwa kwa rula vidoleni kabla mama yako hajaolewa. Sijawahi kubeba saba. Nabeba mafungu mawili. La juu ni mabega, kifua, kiuno. La chini ni nyonga, mkono, shingo, urefu, ishirini na saba, futa hiyo. Wala sisemi "thelathini na nne", nani ana pumzi hiyo? Nasema tatu-nne, moja-saba, nne-sifuri, naziimba kwa mkupuo mmoja. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni wimbo, ukawa unauimba ukioga. Profesa wako akigundua kitu kingine ambacho fundi wangu hakukijua, niandikie.

Daftari silitaki, na sababu ni ya kazi, siyo ya kiburi. Kiburi ninacho, lakini siyo hapa. Nikiinama kuandika, mteja anaacha kusimama alivyo, anaanza kusimama anavyopenda aonekane. Anavuta tumbo. Anapandisha kifua. Nikiinua uso namkuta mtu mwingine, thelathini na moja, futa, na nguo ya mtu huyo mwingine haitamtosha akifika kwake.

Nimeharibu ya sita wiki iliyopita. Nyonga za muuguzi. Nikaikata upya Jumapili peke yangu, hakuna anayejua ila wewe.

Sihami. Wakitaka waiondoe meza, nitasimama pale pale ilipokuwa, thelathini na tatu, ah, futa.

Na lile swali la pili, karatasi imetoka wapi, hukunijibu.

Mjomba wako


Tarehe 6 Machi

Mjomba, shikamoo. Macho ya mama yanasemaje? Huku mvua imetufungia ndani, mwenzangu wa chumba amejifunza kupika maharage, nayo yamejifunza kutuadhibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya nne niliisoma na kalamu nyekundu mkononi, kama ninavyosoma majibu ya wanafunzi wangu.

Ina namba tatu zisizo na mwenyewe: ishirini na saba, thelathini na moja, thelathini na tatu. Hukuwa unampima mtu, ulikuwa unaandika barua. Tena zinapanda. Nani anahesabu hapo karibu yako, mjomba?

Nakuuliza kwa sababu masikio hayana kope. Mtu akishikilia namba kichwani, halafu sauti ya mtu mwingine ikapita, ile sauti inaingia bila kupiga hodi, hata ukimwambia aipuuze. Nimeona wanafunzi wa miaka ishirini, wenye vichwa vikali, wanashika vizuri kwenye kimya na wanapoteza mara tu maneno yasiyowahusu yanaposomwa pembeni. Na nikisoma namba juu ya namba, baadhi yao wananipa namba yangu mimi badala ya yao. Hawajui kama wamefanya hivyo, na ukiwaambia wanakataa kwa nguvu.

Wewe ulishagundua kuzifupisha. Watafiti nao walikuja kugundua kwamba penye majina marefu ya namba watu hushika chache, kwa kuwa ile pumzi ya ndani ni fupi. Fundi wako aliwatangulia, nakubali. Ila mtu anayehesabu karibu yako hafupishi.

Zile inchi arobaini na moja za mlinzi na ishirini na tisa za dereva, zilitoka wapi? Uliniambia nguo zilianza kuharibika Agosti. Agosti kulitokea nini hapo karakana? Nijibu hilo tu.

Mpwa wako


Tarehe 18 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Wiki sita hujanijibu. Mama anasema barua yangu uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaiweka chini ya pasi. Sina salamu ndefu leo.

Karatasi ile niliiandika mimi. Bosi Binti alinipigia simu Novemba, ana wasiwasi, akaniuliza kama kuna kipimo. Nikamwandikia namba, nikamtumia, nikamwomba asikwambie. Sikumwambia akusomee wapi, wala sikumuuliza.

Niliogopa. Siku uliyonisindikiza kituoni uliniuliza mara mbili tiketi iko wapi, na ulikuwa umeishika. Nikamkumbuka Bibi, alivyoanza kusahau. Safari nzima nililia.

Nitamwandikia Bosi Binti nimwambie kipimo kile hakifai kutolewa kaunta kwenye kelele, na kwamba nilikosea. Nisamehe.

Mpwa wako


Tarehe 2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mimi sijambo kiasi.

Nilijua tangu siku ile ya stuli. Ile saba yenye mstari katikati nilikufundisha mimi, uko darasa la kwanza, kwa sababu kwenye kitambaa cheusi moja na saba za chaki zinafanana, na inchi sita si mchezo. Katika mji huu wanaoandika hivyo ni mimi, wewe na marehemu fundi wangu, na marehemu hatumi karatasi. Nilikuuliza imetoka wapi ili useme mwenyewe. Ukasema ziko nyingi, zinapatikana popote. Nimekaa na hiyo "popote" tangu Januari. Iliniuma kuliko vifungo.

Unamwogopa Bibi yako ndani yangu. Mimi je? Mimi ndiye niliyemlisha mama yangu kwa kijiko miaka miwili huku akiniita kwa jina la kaka yake. Unadhani sijipimi? Kila asubuhi, kabla sijavaa kiatu cha pili, nataja watoto wote wa ukoo kuanzia mkubwa. Siku nikimruka mmoja, meza nitaiacha mwenyewe, hamtahitaji kunisomea kitu. Sijamruka hata mmoja. Na tiketi ile niliiulizia kwa sababu sikutaka uondoke, nilikuwa natafuta la kusema.

Sasa Agosti. Agosti ililetwa mashine ya foleni. Inakaa juu ya kaunta, mafundi wanaiita Dada Foleni. "Mteja namba thelathini na nane, dirisha la pili." Kutwa, kwa sauti ya mtu asiyechoka. Na unajua wazo la nani? Langu. Wateja walikaribia kushikana mashati, mimi nikaiona mashine kama hiyo zahanati, nikampigia Bosi Binti kelele miezi mitatu mpaka akainunua. Nilisimama mbele ya watu wote nikaizindua kwa hotuba! Leo niende nikaseme nimeshindwa na dada yangu mwenyewe? Ndiyo sababu sikukujibu. Ulipouliza "nani anahesabu hapo," nilikuwa mezani, na wakati huo huo ikasema hamsini na mbili. Nikaenda kwenye droo ya nguo zilizoharibika. Ya muuguzi nilikuwa nimeikata nyonga hamsini na mbili.

Kwa hiyo umepata. Akili unayo, sikatai.

Lakini Bosi Binti usimwandikie. Ukiandika, wewe ndiye uliyenihukumu na wewe ndiye uliyeniachia, mimi niko wapi hapo? Nitajipima mwenyewe, mbele yake, na mashine ikiwepo. Nitumie tu utaratibu mnaoufuata huko ili asije akasema nimejipendelea.

Mjomba wako


Tarehe 11 Juni

Mpwa wangu,

Huku wazima. Mama yako amepata miwani, sasa anaona vumbi ambalo halikuwepo. Utaratibu wako niliupata, nikaufuata wote isipokuwa pale uliposema nisiwaambie watu mapema. Nimewaambia watu wote.

Jumatatu, karakana imejaa, nilimwomba Bosi Binti anipime mimi kwanza. Kushona anajua, amesomea. Kitambaa nilileta mwenyewe. Nikamwambia, "Namba saba, hatua kumi na moja, chaki. Hakuna kuandika." Akacheka. Alinipima vizuri, ana mkono mwepesi wa baba yake. Akatoka kwenye pazia anatembea, midomo inacheza. Hatua ya sita, Dada Foleni akasema, "Mteja namba ishirini na tatu, dirisha la kwanza."

Bosi Binti akafika mezani. Akachora mabega. Akachora kifua. Akabaki na chaki hewani, mafundi wote wameacha kukanyaga cherehani. Kisha akachora kiuno: ishirini na tatu. Inchi ishirini na tatu, mpwa wangu, na tumbo hili! Akaitazama ile namba, akanitazama, akaenda kukaa kwenye stuli. Stuli ile ile.

Zamu yangu ikaja. Wateja wanane kwa kura kama ulivyopanga, wanne Dada Foleni akisema, wanne akiwa amezimwa. Akisema, nilipoteza namba tano kati ya ishirini na nane. Nilizipoteza mbele ya watu na nikazitangaza mwenyewe: hii imeanguka, na hii nayo. Akiwa amezimwa, ishirini na nane zote zilifika. Bosi Binti alizihakiki kwa futi mara mbili, anatafuta kosa. Nikamwacha atafute.

Akaniuliza nataka nini. Nikasema wazo la mashine lilikuwa langu na bado ni zuri, ila haihitaji mdomo. Tukaigeuza. Nyuma ina kitufe cha sauti, kilikuwepo siku zote. Sasa namba zinawaka tu juu ya kaunta, na wateja wanaotazama simu wanapitwa na zamu yao, halafu wananilaumu mimi. Acha walaumu.

Ile barua ya vifungo nilitaka aichane mbele yangu. Alikataa, akaitia droo. "Fundi," akasema, "umri nao upo." Nikamjibu upo, na mimi nipo. Tukaachana hapo. Meza ni yangu mpaka nitakapoiacha.

Sasa wewe. Sijamaliza kukukasirikia, nitamalizia ukija likizo. Pamoja na barua hii kuna koti. Nimelikata mezani kwangu bila kukupima, miaka mitatu sijakuwekea futi. Uliniambia ile meza ya kichwani hushika sekunde chache, kisha vitu vinaanguka. Sawa. Lakini namba zako hazimo mezani, ziko ghalani, sijui ziliingia lini, na sijaziandika popote. Ukiona mkono mfupi, umerefuka wewe, sijakosea mimi.

Barua hii nimeiandikia karakana, mchana, watu wamejaa. Tafuta namba iliyofutwa. Hutaiona.

Mjomba wako, fundi mkuu


Tarehe 3 Julai

Mjomba, shikamoo.

Koti limefika leo. Nimelivaa kabla sijafungua barua, na barua nimeisoma nikiwa nalo, nikalia tena, ila safari hii nilikuwa nacheka humo humo.

Mabega yamekaa. Kifua kimekaa. Kiuno kinabana kidogo, mwambie mama huo ndio ushahidi kwamba nakula.

Mwenzangu wa chumba alinizunguka mara mbili, akasimama kushoto, akasema mkono huu kama umepungua, ngoja apime. Akaenda kuleta futi. Nikamwambia airudishe ilikotoka, humu ndani hapimwi mtu.

Nimerefuka, mjomba.

Mpwa wako